Siku ya mtoto wa miezi 19: saa ya ukutani na mfuatano wa mambo

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikiandika katika daftari dogo mambo anayoyafanya binti yangu tangu anapoamka hadi anapolala. Nilianza kwa sababu ya ubishi wa nyumbani: mke wangu alisema mtoto halali usingizi wa kutosha, mimi nikasema unamtosha, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ushahidi wowote zaidi ya uchovu wake mwenyewe. Daftari lilimaliza ubishi huo katika juma la kwanza (kwa siku nne mke wangu alikuwa sahihi, kwa siku tatu nilikuwa sahihi mimi, matokeo ambayo hayakumfurahisha yeyote), lakini niliendelea kuandika kwa sababu kurasa zilianza kunionyesha jambo ambalo sikuwa nikilitafuta. Kile nilichokuwa nikikiita ratiba, yaani saa ya kuamka, saa ya kula na saa ya kulala, kwa mtoto hakikuwapo kabisa. Yeye hajui saa. Anachokijua, tena kwa uhakika unaoshangaza, ni kitu gani hufuata kitu gani, na karibu vilio vyote vikubwa nilivyoviandika vilitokea pale mfuatano ulipovurugika, hata kama kila jambo lilifanyika kwa wakati wake.

Nitaieleza siku yenyewe, kisha nitaomba mnikosoe.

Huamka kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Haamki kwa kilio kama alivyokuwa akiamka alipokuwa mchanga. Hukaa kitandani akijisemesha, akitaja watu na vitu vya nyumbani kimoja baada ya kingine kama mtu anayehakiki orodha ya mali yake, na asipofikiwa na mtu baada ya dakika kumi hivi ndipo anapoita. Maneno anayoyatamka hata mgeni akayaelewa hayafiki thelathini. Anayoyaelewa nilijaribu kuyahesabu nikaacha nilipovuka mia mbili, kwa maana kila siku nilisikia akitii agizo lenye neno ambalo sikumbuki kumfundisha. Kuelewa hutangulia kusema kwa miezi kadhaa, na kwa hiyo mtu anayempima mtoto wa umri huu kwa maneno anayotamka tu anampunja.

Baada ya nepi huja kuvaa, na hapa ndipo daftari langu lina kurasa nyingi kuliko mahali pengine popote. Alipokuwa na mwaka mmoja nilimvalisha kwa dakika nne. Siku hizi hutaka kuvaa mwenyewe, na shughuli hiyo huchukua dakika ishirini au zaidi, huku mimi nikitazama saa na kuvumilia kwa shida. Siku moja, badala ya kukasirika, niliandika kila alichokifanya katika hizo dakika ishirini. Alichagua suruali, akaikataa, akaichagua tena. Aliingiza mguu katika tundu ambalo tayari lilikuwa na mguu mwingine, akasimama akishangaa kwa nini hawezi kutembea. Alinishika bega akasimama kwa mguu mmoja, jambo ambalo mwezi uliotangulia lilimshinda. Alikwenda kukitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda bila kuambiwa kwamba kipo huko, maana yake alikumbuka alikitupia wapi jana. Alitamka "atu" mara sita, na mara ya sita alitamka "kiatu". Nilipojaribu kumsaidia kufunga aliusukuma mkono wangu, kisha aliposhindwa akaurudisha mwenyewe. Mizani ya mwili, kazi ya vidole, kumbukumbu, lugha, utashi na kukubali msaada, vyote vilikuwa ndani ya suruali moja na viatu viwili. Hakuna mchezo wa kununua uliowahi kumpa mazoezi mengi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba wazo hili si jipya. Emmi Pikler, daktari wa watoto aliyeanzisha makao ya kulelea watoto mjini Budapest mwaka 1946, aliwafundisha walezi wake kwamba kumbadilisha mtoto nguo, kumwogesha na kumlisha si usumbufu wa kumalizwa upesi ili wakapate nafasi ya mambo ya maana. Hayo ndiyo mambo ya maana. Mlezi alitakiwa amweleze mtoto anachotaka kufanya, asubiri mtoto anyooshe mkono mwenyewe, ndipo aendelee. Mimi sina utulivu wa walezi wale kila asubuhi, lakini nimeanza kumwamsha nusu saa mapema siku ambazo tunatakiwa kutoka, na hiyo nusu saa imepunguza ugomvi kuliko maneno yote matamu niliyowahi kuyajaribu.

Asubuhi iliyobaki ni ya kutembea. Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha mwaka 2012 utafiti wao juu ya watoto wa miezi 12 hadi 19 waliokuwa wakicheza huru, wakakuta kwamba kwa wastani mtoto hupiga hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja. Niliposoma hivyo niliacha kuruka kila binti yangu anapoanguka. Wala hatembei kwa kuwa anaelekea mahali fulani. Huvuka chumba, hugusa ukuta, hurudi, huchukua kopo, hulipeleka pembeni, hulimwaga, hukusanya vilivyomwagika na kuanza upya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili katika siku, zikiwa zimetawanyika, na asifungiwe kitini, garini au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Dakika 180 zinatisha kwenye karatasi. Mtoto aliyeachiwa nafasi salama huzimaliza kabla ya kulala mchana.

Usingizi wa mchana ulitusumbua alipokuwa na miezi 15. Hadi wakati huo alilala mara mbili, asubuhi na alasiri. Kisha ukaja mwezi mzima ambao kulala mara mbili kulimzidi na kulala mara moja hakukumtosha. Tuliusogeza ule wa asubuhi mbele kwa robo saa kila baada ya siku chache hadi ukawa mmoja wa adhuhuri, na sasa hulala saa moja na nusu hadi mbili. Ukijumlisha na usiku hupata saa 12 au 13, ndani ya saa 11 hadi 14 ambazo mwongozo huohuo unazitaja kwa umri huu.

Jioni ndiyo sehemu mbaya ya siku, nami sitaipamba. Kuanzia saa kumi na moja kila kitu humkera. Tumeshikilia mambo manne yasiyobadilika: kuoga, nguo za kulalia, kitabu kimoja cha picha, taa kuzimwa. Usiku mmoja maji yalichelewa kupata moto nikaona nisipoteze muda, nikamsomea kitabu kwanza kisha nikamwogesha. Baada ya kuoga alikwenda kukichukua kitabu, nikamwambia tumekwisha kusoma, akalia kwa dakika arobaini. Juma lililofuata tulirudi safarini saa mbili nzima baada ya muda wake wa kulala. Tukafuata yale manne kwa haraka lakini kwa mpangilio wake, akalala ndani ya dakika kumi. Kurasa hizo mbili, zinazofuatana katika daftari, ndizo zilizonifanya niandike uzi huu. Jodi Mindell na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba familia zilizofuata utaratibu uleule wa kulala kila usiku kwa majuma mawili ziliona watoto wao wakilala upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi usiku. Nadhani sababu ni hiyo: mtoto asiyejua saa huisoma siku kwa mambo yanayotangulia, na kitabu baada ya kuoga ndicho kinachomwambia kwamba usiku umeingia.

Naomba michango yenu, hasa ya wenye watoto zaidi ya mmoja.

Mama wa mapacha

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na kwa wivu kidogo, kwa kuwa dakika ishirini za kuvaa ukizizidisha kwa mbili tutatoka nyumbani adhuhuri. Mapacha wangu, wa kike na wa kiume, wana miezi 16. Wa kike alitembea alipokuwa na miezi 12. Wa kiume husimama dede, huzunguka akishika samani, lakini ukimwachia hukaa chini na kutambaa kwa kasi inayomtosha. Kila mgeni anayefika nyumbani huwaweka bega kwa bega na kuniuliza "huyu ana nini?", na mimi nimefika mahali pa kumficha kaka mtu wageni wakija. Je, nisubiri au nimpeleke hospitali? Niongeze kwamba walizaliwa wiki saba kabla ya wakati.

Mleta uzi

Mama, hilo ni zaidi ya uwezo wangu na nisingependa kukupa jibu la kubahatisha. Nakumbuka kuna dada humu ambaye ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Naomba akipita atusaidie.

Muuguzi wa kliniki ya watoto

Nimepita. Mama wa mapacha, jambo muhimu kuliko yote uliliandika katika sentensi ya mwisho kana kwamba ni la ziada. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati hupimwa kwa umri uliorekebishwa, yaani unatoa zile wiki walizopungukiwa, na hesabu hiyo kwa kawaida hutumika hadi wafikishe miaka miwili. Wiki saba ni zaidi ya mwezi mmoja na nusu. Kwa hiyo kijana wako ana miezi 14 na kidogo, wala si 16, na dada yake alitembea akiwa na zaidi kidogo ya miezi kumi, ambayo ni mapema.

Ya pili: Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza vipindi vya kawaida vya hatua sita za mwili. Kutembea bila kushikwa kulianzia miezi 8.2 na kuishia miezi 17.6. Tazama upana huo: kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna zaidi ya miezi tisa, na wote ni wazima. Katika watoto wale walikuwamo pia, kama asilimia 4.3, ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa na bado wakasimama na kutembea. Mtoto anayesimama dede na kuzunguka kwa kushika samani yumo njiani.

Hata hivyo sisemi usubiri bila mwisho, kwa sababu neno "kila mtoto na wakati wake" nimeliona likichelewesha watoto waliohitaji msaada. Mlete ikiwa atafikisha miezi 18 ya umri uliorekebishwa hajapiga hatua; ikiwa anatumia upande mmoja wa mwili na kuuacha mwingine; ikiwa miguu yake ni migumu au imelegea isivyo kawaida. Na kwa watoto wote wa umri huu, ninayoyatazama mimi kabla ya hatua na maneno ni haya: je, anageuka akiitwa jina, anaonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione, anakutazama usoni anapofurahi au anapoogopa? Mtoto wa miezi 18 asiyeonyesha kitu kwa kidole, au mtoto wa umri wowote anayepoteza uwezo aliokwisha kuupata, kwa mfano alikuwa na maneno kumi na sasa hana hata moja, huyo haingojwi hata wiki. Wazazi wengi huja kwangu kwa hofu ya kuchelewa kutembea huku ishara nzito zaidi wakiwa wameipita.

Wageni waonyeshe mlango, kwa heshima.

Baba wa mara ya kwanza

Nashukuru kwa uzi huu. Swali langu ni la chakula. Mwanangu wa miezi 17 alikuwa akila vizuri hadi alipofikisha mwaka, tangu hapo hula vijiko vitatu na kugeuza kichwa. Tunamfuata na bakuli nyumba nzima. Kitu pekee anachokubali ni maziwa, nasi tunashukuru angalau anakunywa, karibu lita moja kwa siku.

Muuguzi wa kliniki ya watoto

Ndugu, maziwa hayo ndiyo yanayomshibisha. Yapunguze hadi karibu nusu lita kwa siku, umpe katika kikombe pamoja na chakula au baada yake. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, na mtoto anayeyanywa kwa wingi hukosa hamu ya vyakula vyenye madini hayo, akaja kupungukiwa damu huku anaonekana mnene na mzima. Kipimo cha damu kwa mwanao kisingekuwa jambo la kupoteza muda. (Nazungumzia maziwa ya ng'ombe, anayenyonyeshwa hapaswi kuachishwa kwa sababu ya maneno yangu, na kunyonyesha kunapendekezwa hadi miaka miwili na kuendelea.)

Lakini sehemu nyingine ya tatizo lenu si tatizo. Katika mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito hadi takriban mara tatu ya aliozaliwa nao. Angeendelea kwa mwendo huo, angefika shuleni akiwa na uzito wa fahali. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili na nusu hivi tu, na hamu ya chakula hushuka kulingana na mahitaji. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter aligawa kazi hiyo kwa namna ambayo nawapa wazazi wote: mzazi huamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto huamua ale kiasi gani, au asile. Acheni kumfuata na bakuli. Mlo mara tatu na vitafunio mara mbili, akiwa ameketi nanyi mezani, kisha vyombo viondolewe bila hotuba. Karanga nzima, zabibu nzima na vipande vya mviringo vilivyo vigumu asipewe kwanza, humkaba. Zabibu zikatwe kwa urefu.

Mwalimu mstaafu wa chekechea

Nimewasoma nyote, nami nimelea watoto wa watu kwa miaka mingi kiasi kwamba naweza kumpinga mleta uzi bila kumvunjia heshima. Unasema saa haina maana na mfuatano ndio kila kitu. Jambo hilo ni kweli nusu. Mlaze binti yako saa kumi alasiri baada ya kufuata mfuatano wote vizuri, kisha niambie usiku alilala saa ngapi. Mwili una saa yake hata kama mtoto hajui kuisoma, na usingizi wa mchana uliochelewa huuiba wa usiku. Alilala upesi usiku ule wa safari kwa sababu alikuwa amechoka pia.

Hoja yangu ya pili ni nzito zaidi. Mtoto asiyeweza kusoma kitabu kabla ya kuoga bila kulia dakika arobaini anahitaji kuzoezwa kidogo kidogo kwamba mambo hubadilika na dunia haianguki. Mfuatano ni fimbo ya kutembelea. Asiwe na fimbo pekee.

Mleta uzi

Mwalimu, umenikamata katika hoja ya kwanza. Nimerudi kwenye daftari: siku tano alizolala baada ya saa tisa alasiri, usiku wake ulisogea kwa saa moja au zaidi katika siku nne. Nilikuwa nimeziandika namba hizo kwa mkono wangu mwenyewe nisizione, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuipenda nadharia yangu. Naisahihisha hivi: saa ni ya mzazi, mfuatano ni wa mtoto. Mimi natazama saa ili nijue lini pa kuanzia, yeye hutazama mfuatano ili ajue tumefika wapi.

Katika hoja ya pili bado nasita. Kwa umri wa miezi 19 naona ni mapema kumzoeza mabadiliko kwa makusudi, kwani mabadiliko huja yenyewe bila kualikwa: homa, magego yanayoota, mgeni, safari. Nisichojua ni namna ya kulipokea lile wimbi la kilio linapokuja. Mke wangu hukaa chini karibu naye na kunyamaza. Mimi hueleza na kueleza, na kila nikieleza kilio huongezeka.

Mwalimu mstaafu wa chekechea

Mkeo yuko sahihi, na sasa ana siku tano. Mtoto anayegaragara chini hasikii hoja. Michael Potegal na Richard Davidson walichunguza vilio vya namna hii vya watoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitano, wakachapisha matokeo mwaka 2003: robo tatu ya vilio vyote havikuzidi dakika tano. Hasira hupanda upesi na kushuka mapema. Huzuni na kutaka kubembelezwa hubaki hadi mwisho. Kwa hiyo usemi wako mwingi unamfika wakati wa hasira, ambapo hauna msikilizaji. Hakikisha hajiumizi, kaa karibu, sema maneno machache yaleyale, subiri akunyooshee mikono. Kile alichokililia asipewe ikiwa ulikwisha kumkatalia, na asipewe adhabu kwa kulia.

Tena usione kilio hicho kama kurudi nyuma. Mwaka 1972 Beulah Amsterdam aliandika juu ya watoto waliopakwa rangi puani bila kujua kisha wakawekwa mbele ya kioo. Wadogo walimtazama mtoto wa kwenye kioo kama mwenzao. Kuanzia miezi 20 hadi 24 wengi walijitambua, kwa mfano kwa kugusa pua zao wenyewe. Mtoto aliyekwisha kugundua kwamba yeye ni yeye, siku si nyingi hugundua kwamba anachokitaka si kile ukitakacho wewe. Neno "yangu" na neno "sitaki" huzaliwa karibu karibu. Umri huohuo huleta pia upande mwingine ambao wazazi wenye uchovu hawauandiki madaftarini: Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa miezi 18 humwokotea mtu mzima wasiyemfahamu kitu alichokiangusha, bila kuombwa wala kuahidiwa zawadi. Mpe binti yako kazi. Abebe nguo chafu, afute meza aliyoichafua. Itachukua muda mrefu kama ile suruali, na itafanyika vibaya.

Baba wa mara ya kwanza

Samahani kwa kurudi na swali jingine dogo. Tunampa simu atazame katuni wakati wa kula, ndipo angalau hufungua kinywa. Ni vibaya?

Muuguzi wa kliniki ya watoto

Ndiyo. Mwongozo ule wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili usizidi saa moja kwa siku, pungufu ikiwa ni bora zaidi. Kuzungumza na bibi yake kwa video ni jambo tofauti, hapo kuna mtu anayemjibu. Mezani kuna ubaya wa pili: anayetazama katuni hula bila kujua kama ameshiba, na ninyi mnakosa mazungumzo matatu ya siku ambayo yangempa maneno. Zimeni kwa pamoja siku moja, msipunguze kidogo kidogo. Siku tatu za kwanza zitakuwa chungu.

Mama wa mapacha

Narudi baada ya majuma matano kuwapa habari. Sikumficha tena kijana wageni wakija, na nilimpeleka kliniki kwa ajili ya amani yangu. Akapimwa, nikaambiwa miguu yake haina kasoro na tuendelee kumwachia sakafu iliyo wazi. Juzi jioni, akiwa mtupu baada ya kuoga, alimwona dada yake amekamata taulo lake. Akaachia ukingo wa kitanda na kwenda kulidai, hatua tano, akaanguka, akainuka, akaongeza mbili. Sijui kama alitambua alichokifanya, kwa kuwa alikuwa na shughuli ya taulo.

Sasa wote wawili hukimbilia pande tofauti, na ombi la mleta uzi la michango ya wenye zaidi ya mmoja linanirudia mwenyewe kama swali. Mfuatano wa jioni tumeushika, nao wameuelewa vizuri mno: kila mmoja anajua kwamba anayeogeshwa kwanza ndiye anayechagua kitabu. Nimwogeshe nani kwanza?

Mwalimu mstaafu wa chekechea

Yule aliyeogeshwa wa pili jana. Na uandike mahali, kwa maana wao watakumbuka na wewe utasahau.